Vuai Aliyeacha Vyombo vya Mkewe

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mume, pakawa pango, na mke katikati amechoka.

Basi sogeeni karibu, sauti yangu ni ndogo.

Hapo kale, kale ya mbali, palikuwa na mwanamke jina lake Mize. Alikuwa na mume, Vuai, na mtoto mchanga wa kike, Shuwari. Vuai hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, hakuwa mkali. Alikuwa na kosa moja tu: alitaka nuru.

Alikuwa amesikia kwamba katika pango la nyuma ya kijiji anaishi popo mkongwe, naye huwafundisha watu kuacha tamaa mpaka mioyo yao iwake kama taa. Vuai akaenda. Mize akabaki na mtoto, na kuni, na maji.

Siku ya kwanza Vuai alirudi akitembea polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Akamweleza mkewe kuwa popo amemuuliza anatamani nini, naye amejibu wali wa nazi. Basi amekwisha kuuacha. Na ili asijaribiwe tena, akaichukua mbuzi ya kukunia nazi, akampelekea jirani.

"Mbuzi ile nilipewa na mama yangu," Mize alisema.

"Mama Shuwari, hiyo nayo ni tamaa."

Wakala wali mkavu. Vuai alikula sahani mbili.

Siku ya pili alirudi akitembea polepole zaidi. Popo alikuwa amemuuliza tena, naye akajibu kuwa anatamani usingizi mnono. Basi akakibeba kitanda, kitanda cha kamba alicholetewa Mize siku ya harusi yake, akampa mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa wa mgongo. Walilala chini, juu ya mkeka. Vuai alikoroma. Mize alimtoa mtoto siafu mpaka kukakucha.

Asubuhi Mize akamfunga mtoto mgongoni, akaenda pangoni mwenyewe.

"Popo, popo, popo."

"Naam, naam, naam."

"Ni wewe uliyemwambia mume wangu atoe kitanda changu?"

"Kitanda ni nini?" aliuliza popo, akining'inia kichwa chini.

Mize akamweleza. Popo alistaajabu sana kusikia kwamba wapo wanaolala bila kuning'inia.

"Mimi nilimwambia aache tamaa," alisema. "Tamaa ni yake. Na kitanda ni cha nani?"

"Changu."

"Basi mumeo anaacha vya nani?"

Mize alirudi nyumbani na hasira maradufu, kwa kuwa popo alisema kweli, na kweli haikumrudishia kitanda.

Siku ya tatu Mize alikuwa uani na shangazi yake, Bi Mwanakheri, na majirani wawili, wakisuka ukili wa mikeka. Vuai akaingia mbio, macho yamemtoka kwa furaha. Akasimama katikati ya ua, akainua mikono.

"Nimeacha," alisema. "Nimeacha. Nimeacha."

Mikono ya wanawake ikasimama juu ya ukili.

Nanyi mnajua, wasikilizaji, neno hilo likitoka mara tatu kinywani mwa mume kwetu huwa na maana gani. Ndoa huwa imekwisha, na mke hufunga nguo zake.

"Mmesikia?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Tumesikia."

"Ngapi?"

"Tatu."

Vuai akacheka. Akawaeleza kuwa ameacha ya dunia, yote, wala hakumtaja mtu. Bi Mwanakheri akamuuliza kama mkewe yumo katika hayo yote.

Vuai akashusha mikono, akaanza kupima. Akisema hayumo, bado anatamani, na nuru imepotea. Akisema yumo, ndoa imepotea. Mize alimtazama. Swali lenyewe halikumuuma. Kilichomuuma ni kuona mumewe anafikiri.

Akamchukua mtoto, akachukua kanga zake mbili, akaenda kwao.

Vuai alikaa siku tatu, kisha akafuata. Baba yake Mize, Mzee Makame, alimkaribisha barazani. Akamwambia kuwa neno lisilotaja mtu lina shaka, na shaka hiyo ataiondoa Vuai peke yake. Mkewe yumo, au hayumo? Vuai akaanza kueleza kuwa dunia ni kivuli, na kivuli hakishikiki.

Mize alikuwa amesimama mlangoni na mtoto anayelia. Alikuwa ameyasikia ya kivuli tangu siku ile ya kwanza ya pango. Akamweka Shuwari mapajani pa Vuai, akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Aliporudi, mzee alikuwa ameingia ndani. Mtoto alikuwa amelala. Amemlowesha baba yake kanzu yote, na Vuai hakuthubutu kusogea. Siafu wawili walikuwa wakimpanda mguuni, naye anawatazama tu.

Mize akatua ndoo. "Yumo?"

"Hayumo," alinong'ona Vuai, asimwamshe mtoto. "Hakuwamo hata siku moja. Nakutaka wewe, Mize. Nuru na iende."

Akataka kulirudia neno hilo, lakini Mize akamzuia. "Mara moja inatosha. Mara tatu zako zimenichosha."

Wakarudi nyumbani kwao wawili. Jirani akaleta mbuzi ya kukunia nazi bila kuulizwa, akisema hata yeye aliona aibu kuipokea. Vuai akaenda kudai kitanda, na Mize akamfuata. Walimkuta mzee amelala juu yake, mgongo umenyooka, usingizi umemchukua.

Vuai akanyoosha mkono amwamshe. Mize akamshika mkono huo.

"Mwache," alisema. "Kile ulitoa wewe, na hakikuwa chako. Sasa nakitoa mimi."

Vuai akasokota kamba mpya za kitanda kingine, siku saba, mpaka viganja vikachubuka. Na watu wa kijiji husema kuwa siku zile uso wa Mize ulikuwa uking'aa ajabu, kama taa, kila mpita njia aliuona. Mwenyewe hakujua. Alikuwa anapika.

Basi jueni: mwenye kuacha huacha chake. Ukiacha cha mwenzio hujaacha tamaa, umeacha adabu.

Ngano imefika, nami nimeitua. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu itupeni nyuma ya nyumba. Na kama hapa yupo aliyekwisha kuacha yote ya dunia, asiondoke: kuna vyombo vya kuosha.