Mche Hausemi

"Mche hausemi, muulize aliyeumwagilia." Mmemsikia jana Mama Mgaya akiwaambia wale wauza vyungu, nanyi mkacheka pembeni, mkadhani ni maneno ya bibi aliyezoea kuzungumza na mimea. Leo mnaniuliza yametoka wapi. Basi wekeni chini hivyo viriba vya miche, mkae, niwaeleze yalivyozaliwa. Nilikuwepo, na sehemu yangu katika habari hii si ya kujisifu.

Miaka ile parachichi ndiyo kwanza ilikuwa imewaingia watu wa Njombe kichwani. Kila mwenye ua alitaka mti wake. Mama Tulakela Mgaya alikuwa na kazi ndogo ya bustani: watu watano na pikapu moja iliyokohoa kila ikipanda mlima. Tulipanda maua, tulikata nyasi, tulipunguza michongoma kwenye nyumba za watu, na tulipanda miti ya matunda. Alikuwa mkali wa kazi, lakini hakumwonea mtu. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi yake ya ajira, Jumapili ilikuwa yetu, na mtu akiugua alimpelekea uji mwenyewe. Alipenda kusema kwamba katika bustani yake hakuna mtu anayelia. Ilikuwa kweli. Ila hakuwahi kujiuliza habari za bustani tulikotoa miche.

Miche ya kubebesha, ile inayoungwa kikonyo cha mti bora juu ya shina la mwingine, tuliichukua kwa bwana mmoja aitwaye Mlelwa, ng'ambo ya mto. Ilikuwa miche ya kupendeza, shina limenyooka, kidonda cha kubebeshea kimefungwa utepe kwa uangalifu kama kitovu cha mtoto mchanga. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya wengine wote, na haikuchelewa hata mara moja. Mimi ndiye niliyekwenda kuichukua kila wiki, miaka miwili mizima.

Desturi ya vitalu mnaijua. Kuna ugonjwa unaoozesha mizizi ya parachichi, nao husafiri kwenye tope la viatu. Ndiyo maana langoni pana karai la dawa, na mgeni hukanyaga humo kabla ya kuingia. Mlelwa alizidisha. Kwake mgeni hakuingia kabisa. Kitalu kilizungushiwa mabati, lango lilitiwa kufuli, miche ikatolewa nje nawe ukapakia. Sisi tukamsifu. Tulimwona ndiye msafi kuliko wote, tukawaita wazembe wale wenye vitalu vya wazi. Kila nilipozima gari nilisikia sauti za watu ndani zikikatika. Nilidhani ni adabu.

Jumanne moja baada ya Pasaka nilirudi na shehena, Mama Mgaya akaanza kuikagua kama kawaida yake, mche kwa mche. Akakuta mitano iliyobebeshwa karibuni, bado haijawa tayari kuuzwa, imechanganyika humo kwa bahati mbaya. Akafungua utepe wa mmoja, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Otmar," akaniita, "kidonda hiki ni cha juzi. Juzi ilikuwa Pasaka. Nani alikuwa anabebesha miche siku ya Pasaka?"

"Vijana wake, mama."

"Wanaitwa nani?"

Miaka miwili, na sikujua jina hata la mmoja.

"Mbwa wa wateja wetu unawajua kwa majina," akasema, "wote."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nikamjibu kwamba kazi yangu ni kukagua miche, na miche haikuwa na kasoro. Ingekuwa nayo ningeiona. Alijifunga khanga juu ya koti, akapanda pikapu, akaniambia niwashe gari.

Mlelwa alitupokea langoni kwa bashasha, lakini alipoambiwa kwamba mgeni anataka kuingia, akatikisa kichwa. "Dada yangu, wewe unaijua kazi hii. Mguu wa mgeni ni ugonjwa."

Mama Mgaya akavua viatu. Akaingia kwenye karai la dawa, akajiosha mpaka magotini, na baridi ile ya Njombe mnaijua. "Haya," akasema, "ugonjwa umebaki wapi?"

Mlelwa akacheka, akasema utaratibu ni utaratibu, na wanunuzi ni wengi.

"Basi sitaingia. Mwite aliyebebesha miche hii nimsalimie tu, nimpe ahsante. Ana mkono mzuri."

Angemkatalia vipi mtu salamu? Akaingia, akatoka na dada mmoja mwembamba, akasimama naye bega kwa bega. Lango likabaki wazi kidogo nyuma yao.

"Kamwene, mwanangu," Mama Mgaya akamsalimia kwa lugha ya huku.

"Si wa huku huyu, ametoka Rungwe," akajibu Mlelwa.

"Unaitwa nani?"

"Anaitwa Tusekile," akajibu Mlelwa.

"Kazi inakwendaje?"

"Anaipenda sana," akajibu Mlelwa.

Yule dada alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mama Mgaya akachukua mmoja wa ile miche mitano, akauinua mbele yake. "Huu uliumwagilia lini?"

"Jana jioni," akajibu Mlelwa.

"Hapana," akasema Tusekile.

Alisema kwa sauti ndogo, na nadhani alijishangaa mwenyewe. Lakini fundi ni fundi. Kuna uongo ambao mkono wake hauwezi kuuvumilia. "Mche uliobebeshwa haumwagiliwi jioni kwa baridi hii, kidonda kinaoza. Niliumwagilia leo asubuhi, kabla haujatoka." Kisha akainua uso. "Namwagilia kila asubuhi, mama. Hata Pasaka. Tuko saba. Vitambulisho vyetu na simu zetu amevifungia kabatini, na lango hili hatutoki. Mama yangu hajasikia sauti yangu mwaka mmoja na miezi minne."

Mlelwa akamshika mkono kumrudisha ndani. Mama Mgaya hakupiga kelele. Alinipokonya ufunguo wa pikapu, akaisogeza mpaka pua yake ikaingia langoni, akaizima, akabaki ameketi humo miguu mitupu. "Nenda kwa mtendaji wa kijiji," akaniambia. "Mwambie aje na polisi. Mimi nangoja hapa."

Nilikimbia. Mlelwa alimbembeleza, akamtisha, akambembeleza tena. Yeye alikuwa akimjibu neno moja tu, kwamba anangoja. Mtendaji alipofika na askari wawili, lango lilikuwa halijafungwa. Wakatoka watu saba na vifurushi vyao. Tusekile aliporudishiwa simu ilikuwa imekufa, nikampa yangu. Mama yake alipopokea, yeye akawa analia tu, na upande wa pili tukamsikia yule mama akiuliza, "Ni wewe? Ni wewe?" Nami nikageukia ukutani, maana kila wiki nilikuwa nikisimama hatua kumi kutoka kwake.

Msidhani tulirudi kwa shangwe. Kazi kubwa ya msimu ule, bustani ya zahanati, tuliikosa kwa kukosa miche. Njiani nilijaribu tena kujitetea. Nikasema, "Lakini mama, miche ilikuwa mizuri. Ningejuaje?"

"Hata mimi niliisifu," akasema. "Mche hausemi, Otmar. Muulize aliyeumwagilia."

Tangu siku hiyo hatununui kitu mahali ambapo haturuhusiwi kumsalimia mfanyakazi, naye ajibu kwa kinywa chake, bosi wake akiwa mbali. Wauzaji wengine waliona tunawavunjia heshima. Wengine walitufungulia lango na kutukaribisha chai.

Tusekile alirudi kwao, sasa ana kitalu chake. Kesho mnakwenda kuchukua miche kwa mtu mpya, na mtakaporudi sitawauliza habari za mizizi wala majani. Nitawauliza majina ya waliowapakilia, na nani alijibu mlipowasalimu. Mkinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, mtairudisha pikapu mkaulize. Mche hausemi, muulize aliyeumwagilia.