Jini Mgeni katika Bustani ya Sultani Mundhiri

Katika mji wa Zimbarani alitawala Sultani Mundhiri bin Sarhani, na katika bustani yake alikusanya miti ya kila nchi aliyoijua, msandali na mkungumanga, mdalasini na mkafuri, na malango akayafungua kwa watu wote, akaapa mbele ya kadhi kwamba hapana mgeni atakayefukuzwa humo maadamu yeye yu hai.

Siku moja jini aitwaye Karkashi alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa chini ya msandali na kunywa maji yote ya mifereji. Mwezi ukapita. Miti ikaanza kukauka, na Sultani hakuweza kumtoa bila kuvunja kiapo.

"Bwana mkubwa," Waziri alimsihi jini, "miti inakufa."

"Mgeni hafukuzwi. Au kwenu hapana adabu? Na asali ya leo i wapi?"

Akaja Mwanashehe, binti wa mfanyabiashara wa manukato, kutazama miti hiyo, akamkuta Haidari, mwana wa Sultani, akimwagilia mkungumanga kwa birika la kunawia.

"Sayyid, ndiyo maji yenu yote haya?" akauliza akicheka.

Haidari akamweleza habari ya jini tangu mwanzo.

"Mmempa maji, mmempa asali. Jembe je?"

"Jembe? Mgeni wa Sultani?"

"Kwani mgeni wa Sultani siku yake ya tatu haifiki?"

Mwanashehe akachukua jembe, akamwendea jini. "Shikamoo, mgeni wetu."

"Marahaba. Umeleta asali?"

"Nimeleta jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ni mgeni, au si mgeni?"

Karkashi akatazama lango, akatazama jembe. Akisema si mgeni, kiapo hakimlindi. Akisema ni mgeni, jembe ni lake.

"Ni mgeni," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi karibu shambani."

Na jini akiipokea kazi kwa kinywa chake hawezi kuiacha mpaka mwenyeji amruhusu. Kabla ya alasiri Karkashi alikwisha chimba mfereji kutoka mto wa mlimani, na maji yakaingia bustanini, na msandali ukachipua.

Sultani akamposea mwanawe Mwanashehe, na manukato ya bustani yakawa mahari, na wawili hao wakatajirika kwayo. Siku ya harusi Karkashi akaomba ruhusa arudi kwao.

"Astaghafirullahi!" Sultani akasema. "Mimi nimfukuze mgeni? Tena palizi ya mikarafuu bado."

Ndiyo maana watu wa Zimbarani husema: adabu ya mwenyeji ni karibu, adabu ya mgeni ni jembe.