Mafundo Matatu ya Kihenge cha Mama Kwale

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na vihenge na wosia kama sisi, aliishi Mama Kwale. Hadithi yake inaniuma, lakini sogeeni niwasimulie.

Mama Kwale aliugua. Alipoona siku zake zimekwisha, aliwaita majirani watatu: Tembo, Nyati na Kindi.

"Nawaachia kihenge cha mbegu za mtama," alisema kwa shida. "Ni za wanangu sita, wazipande mvua ikinyesha. Kila mmoja wenu apige fundo lake mlangoni. Na mlango usifunguliwe ila wote watatu mmesimama hapa, mmekubaliana."

"Tumesikia, mama," wakaitika.

Tembo akapiga fundo kwa mkonga, Nyati kwa meno, Kindi kwa vidole. Mama Kwale akafumba macho.

Haukupita mwezi, Kindi akamwendea Tembo mbio, pu pu pu!

"Shikamoo, mzee! Wadudu dumuzi wameingia kihengeni! Nyati amekubali tuzianike mbegu. Wewe fungua fundo lako tu, kazi niachie mimi."

"Nyati amekubali?"

"Ah! Mzee, mimi nikudanganye wewe?"

Tembo alikuwa na usingizi. Akaenda, akafungua fundo lake, akarudi kivulini. Mchana Kindi akamwendea Nyati.

"Mzee, Tembo ameshafungua lake. Njoo uone mwenyewe!"

Nyati akaona kweli. "Kama Tembo amekubali, mimi nani nikatae?" Akafungua lake, akaenda zake kugaagaa topeni.

Wajukuu, kutoka kwa Tembo hadi kwa Nyati ni hatua ishirini tu. Hakuna aliyekwenda kumwuliza mwenzake!

Kindi akafungua lake, akabeba mbegu zote hadi kwenye pango la mti wake, chwa! chwa! chwa! Kisha akapiga mafundo matatu upya, mlango ukawa kama ulivyokuwa.

Mvua ikaja, ndo! ndo! ndo! Vifaranga wakafika wakirukaruka kwa furaha, kila mmoja na kijembe chake. Tembo na Nyati wakafungua mafundo yao; Kindi akafungua lake, akaparamia mti wake. Ndani hamkuwa na kitu ila makapi.

"Lo! Mimi sikula hata punje!" Tembo akapiga kelele.

"Wala mimi!" alisema Nyati. "Nilijua wewe unaangalia."

"Nami nilijua unaangalia wewe!"

Juu ya mti Kindi alikuwa akitafuna, kru kru kru. "Mnanitolea macho ya nini, wazee? Si mlifungua wenyewe, mchana kweupe?"

Tembo akautikisa mti mpaka majani yakapukutika. Zikaanguka punje tatu tu, ndizo zilizobaki pangoni.

Tiriri, kifungua mimba wa Mama Kwale, akaziokota. "Babu zangu," alisema, "mama hakuwaomba msile. Aliwaomba mlinde."

Nyati akainamisha pembe. Tembo akalia, akaahidi kuwaletea nyasi. Nyasi! Kwale hali nyasi.

Mwaka ule mashamba yote yalichipua, isipokuwa la mayatima. Walipochakura kwa jirani, wakafukuzwa. Mavuno yalipofika, kati ya vifaranga sita walibaki wawili, na Tiriri hakuwamo. Kindi alinenepa.

Sina la kuwafariji, wajukuu. Hadithi imefia hapo, na neno lake ni hili: amana ya watu watatu, kila mmoja huibeba nzima.