Kinu cha Kiboko na Kesi ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wajukuu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu jikoni, Kiboko alilimiliki bonde zima. Kinu cha maji kilikuwa chake. Katika kila pishi ya mtama iliyosagwa humo, alitwaa kibaba kimoja. Baraza la hukumu nalo lilikuwa lake. Kusaga nyumbani kulikuwa kosa.

Siku moja alimfumania Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, akisaga kwa jiwe la marehemu mkewe, Bi Mwanasiti. Akalinyakua jiwe, akalilaza mlangoni pa baraza lake, awe analikanyaga.

Pimbi hakulia. Aliikumbuka desturi ya mababu wa Kiboko mwenyewe: nafaka ikikaa kinuni machweo mawili bila kusagwa, kila mtu huru kusaga kwake. Tena alijua Kiboko hamwachii mtu ufunguo wa kinu, wala kiti cha hukumu.

Akangoja siku ya foleni ndefu kinuni. Alfajiri akabisha barazani. Ngo, ngo, ngo!

"Hodi, bwana mkubwa! Nimekuja kujishitaki. Mimi ni mwizi."

"Alaa! Mwizi kajileta kwa miguu yake!" Kiboko akajibwaga kitini, puu! "Kila wizi faini yake kuku mmoja, wangu mimi. Umeiba mara ngapi?"

"Nyingi, bwana. Nitazieleza moja moja, hukumu isije ikakosea."

"Eleza! Usiruke hata moja!"

Pimbi akaeleza. Konzi ya mtama asubuhi ya masika. Konzi nyingine siku ya mvua ya mawe. Kiboko akawa anameza mate tu, akiwaza kuku.

Nje wanyama wakaita, "Kinu, bwana! Tufungulie kinu!"

"Kelele! Ninahukumu!"

Jua likazama. Likachomoza. Likazama tena.

"Haya," Kiboko akasema, sauti imemkauka, "mwenye mtama ni nani?"

"Mke wangu. Akigeuka, nilichota mtungini mwake nikatafuna. Alijua, maskini. Alikuwa akicheka tu."

"Ebo! Huo nao ni wizi?"

"Kama si wizi, bwana, sina kesi. Lakini jua limezama mara mbili, na kinu hakijazunguka."

Kiboko akatoka mbio, tifu, tifu! Kinuni hapakuwa na mtu wala gunia. Bonde zima lilinguruma, krr, krr, mawe yaliyokuwa yamefichwa mivunguni mwa vitanda sasa yakisaga.

Pimbi akainama mlangoni, akalipangusa jiwe tope, akalibeba kwenda nalo nyumbani.

Ndiyo maana husemwa, mshika mawili, moja humponyoka.