Jiwe Moja la Mafiga

Mbonea alitoka milima ya Upare kwenda kufanya kazi katika nchi ya theluji, akiwa na mke, mtoto wa mwaka mmoja na jiwe.

Jiwe lilikuwa moja kati ya mafiga matatu ya mama yake. Alilichukua alfajiri ya kuondoka, mama akiwa zizini, akalifunga kwa kanga kama mtu anayeiba mtoto. Hakuomba, maana alijua angekataliwa. Kwao mafiga hayahamishwi. Aliwaza kwamba makande yakipikwa juu ya jiwe lile yatakuwa makande ya nyumbani, hata yakipikwa mwisho wa dunia. Kwenye uwanja wa ndege sanduku lilizidi uzito. Mbonea alifikiri kidogo, kisha akatoa koti zito la mkewe na kuliacha jiwe ndani ya sanduku. Basi walishuka kwenye theluji wakiwa na jiwe na bila koti, na mkewe, Nanzia, hakulisahau hilo.

Theluji ilipoyeyuka, Mbonea aliwasha moto nyuma ya nyumba. Ndani kulikuwa na jiko zuri la umeme, lakini yeye alisema halina moshi, na makande yasiyo na moshi ni mahindi na maharage tu. Aliweka jiwe lake chini, akaegemeza sufuria juu yake. Sufuria ikaanguka. Makande yakabingirika chini ya uzio hadi kwa jirani, mwanamke mzee aliyeitwa Bi Solveig, na mbwa wake akayala yote. Jumamosi iliyofuata mbwa alikuwa amekaa kwenye uzio tangu asubuhi.

Bi Solveig alitazama mambo yale kwa wiki tatu. Ya nne alikuja na jiwe kubwa la kijivu mikononi, akalitua chini, akaonyesha sufuria kwa kidole, akaenda zake. Mbonea alishukuru kwa adabu. Mama huyo alipoingia ndani, Mbonea alilitazama jiwe lile kama mtu anayesaili mfanyakazi. Akasema, "Hili halijawahi kuona makande." Akaliweka juu ya mfuniko wa pipa la taka, upepo usiupeperushe.

Lakini jiwe moja haliinjiki sufuria. Kwa hiyo Mbonea alitengeneza ndoano mbili ndefu za chuma, za kushikia masikio ya sufuria upande ule usio na jiwe. Moja akampa Nanzia, nyingine akashika mwenyewe. Mtoto wao, Itikija, alipofika miaka sita, alirithishwa ndoano ya baba, na baba akapata nafasi ya kukoroga na kutoa maelekezo. Makande huiva kwa saa tatu. Kila Jumamosi kwa saa tatu mke alikuwa jiwe la pili na mtoto alikuwa jiwe la tatu, na mwenye nyumba alizunguka na mwiko akisema, "Mnasikia harufu hiyo? Hapo tuko nyumbani kabisa."

"Mimi nasikia bega," alisema Nanzia.

Wakati huo watoto wa darasa la Itikija walikuwa wakienda kujifunza kuogelea, na siku yao ilikuwa Jumamosi. Itikija aliomba ruhusa. Baba yake alipiga magoti mbele yake, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Bibi yako nilimwachia mawe mawili. Miaka yote hii anakishika chungu kwa mkono wake kwa sababu yangu. Sasa sisi ni nani tuweke chini?"

Mtoto akarudi kwenye ndoano. Lakini jioni alimwambia mama yake kwamba akiwa mkubwa hatakula makande tena, na huko Upare hatakwenda hata akilipiwa nauli.

Nanzia alimfikishia mumewe maneno hayo. Mbonea aliumia sana, kwa sababu jiwe lile lote alilibeba ili mtoto huyo apapende kwao. Akatafuta dawa, akaipata: akaamua makande yapikwe na Jumatano pia.

Ikafika Pasaka, wakampigia bibi simu ya picha. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za mbuzi. Halafu Itikija akasogeza uso wake karibu na simu.

"Bibi, mkono wako bado unauma?"

"Mkono upi, mjukuu wangu?"

"Huo wa kushikia chungu. Baba alichukua jiwe."

Mbonea alianza kuitazama dari kana kwamba inavuja. Bibi akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Kumbe ni wewe. Na mimi nilimchapa mbuzi." Akajifuta macho. "Mbonea, jiwe jingine nililichukua korongoni asubuhi ile ile, hata chai haikuchelewa. Ulidhani tumekaa na njaa miaka saba tukikungoja wewe?"

Mbonea alitoka nje, akakaa kando ya jiwe lake, akalia. Jambo la ajabu ni kwamba miaka saba aliweza kubeba wazo la mama yake kuteseka bila yeye, lakini wazo kwamba chai haikuchelewa lilimshinda. Nanzia alimwacha amalize. Mbwa wa jirani alimtazama kwa huruma, au kwa njaa.

Alipomaliza kulia, alikwenda kwenye pipa la taka, akalitoa jiwe la Bi Solveig, akalisugua kwa maji na majivu. Akaliweka kando ya jiwe la mama yake. Akasimama akihesabu moja, mbili, asijue la tatu alitoe wapi. Ndipo Itikija alipotoka chumbani kwake amekumbatia jiwe jeusi, laini, alilookota ufukoni mwa ziwa darasa lake lilipokwenda huko na mwalimu. Lilikuwa chini ya kitanda chake mwaka mzima. Alikuwa akingoja kuulizwa.

Jumamosi iliyofuata sufuria ilikaa juu ya mawe matatu, ikatulia kama mgeni aliyepewa kiti. Nanzia alibaki amesimama na ndoano mkononi, kwa mazoea, mpaka Mbonea alipomnyang'anya na kumletea kigoda. Itikija alikwenda kuogelea. Alirudi nywele zikichuruzika maji, akala sahani mbili bila kuambiwa, akauliza kama Upare kuna mahali pa kuogelea. Bi Solveig naye aliitwa, akala, akaomba pilipili, akajuta, akaomba tena. Mbonea alitafuna polepole akijaribu kutambua ni mahindi yapi yameiva upande wa jiwe la mama yake. Hakuweza. Yote yalikuwa na moshi.

Aliyepata hasara ni mbwa, maana hakuna kilichoanguka.

Nawe uliye mbali na kwenu, unayejisifu kwamba chungu chako kimesimama juu ya jiwe ulilotoka nalo, hebu inama utazame vizuri: upande ule mwingine ameshika nani?