Mfuga Mbu Hapulizi Dawa

Mfuga mbu hapulizi dawa. Mmeambiwa hivyo na mpishi mlipopita jikoni na kopo lenu la dawa ya wadudu, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Imezaliwa hapahapa kituoni, na siku ilipozaliwa hakuna aliyecheka.

Kituo chetu cha utafiti wa malaria kilikuwa kimechakaa mpaka popo wakajiona ndio wenye nyumba. Daktari Gaudensia Njawike alipopewa ukurugenzi akasema, "Tunajenga upya." Jengo jipya likasimama, mbu wetu wakahamishiwa humo, kila kundi na kizimba chake cha chandarua. Walikuwa uzao wa miaka mingi, ukoo wao unajulikana. Bila wao hakuna dawa ya kujaribu, wala kituo. Wafadhili walikuwa wanakuja kuwaona, ndipo waamue kama mipango yake mikubwa itaendelea au itabaki ndoto.

Basi Gaudensia akawa hali, halali. Kila ufa ulimtisha. Siku mbili kabla ya ugeni, jengo la zamani, lililokuwa bado na mabeseni ya viluwiluwi wa mbu, alilifunga kufuli kwa aibu. Kisha akamwita Lihame, msimamizi wa usafi, mtu asiyeambiwa jambo mara mbili.

"Wageni wakifika, sitaki kuona mdudu hata mmoja."

"Hilo limekwisha, mama."

Asubuhi ya ugeni alipofungua mlango, harufu ya dawa ikampokea. Vizimbani mbu walikuwa wamelala chini kama pumba.

"Lihame! Umefanya nini?"

"Nimepuliza, mama. Kila chumba. Si ulisema hata mmoja?"

Alitaka kumkaripia, akajizuia, maana kosa lilikuwa la ulimi wake mwenyewe.

"Na kule jengo la zamani?"

"Kule ulifunga mwenyewe. Sikugusa."

Alikimbia. Ufunguo ukagoma kwenye kutu, na getini gari la wageni likapiga honi. Mlango ulipoachia, aliinama juu ya beseni. Maji yalikuwa kimya. Akagonga ukingo kwa kidole, na ndani kitu kikajikunja, kikazama. Kisha kingine, kisha beseni zima likachezacheza. Gaudensia akalia bila kujificha.

Wageni aliwapokea palepale, kwenye kuta zilizobabuka, akawaeleza kweli yote. Mmoja wao akauliza, "Na mbele, Daktari, mnataka kufika wapi?"

"Kwenye siku ambayo hakuna mama atakayemzika mtoto kwa malaria," akajibu. "Ila leo nusura nikate mguu wa kunifikisha."

Nyuma ya mlango Lihame akashusha pumzi. "Kumbe mfuga mbu hapulizi dawa!"

Mbu mnaowalisha leo ni kizazi cha beseni lile. Kesho tunapokea wageni wanaokuja kuona maabara mpya ya wafadhili wale, na usafi mmekabidhiwa ninyi. Sasa niambieni: lile kopo mmeliacha wapi? Mfuga mbu hapulizi dawa.