Nyanya za Masika

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile tamu ambazo kila nyumba ilikuwa na kibustani nyuma ya jiko, na mtoto alitumwa mchicha maji ya ugali yakiwa tayari yanachemka, aliishi Digidigi. Ndiyo, huyo huyo mwenye miguu kama vijiti vya mishikaki! Msimcheke, naye alikuwa na mama.

Mama alipofariki alimwachia bustani, kivumbasi kinachonukia mlangoni, na kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, wadudu wasizifikie.

Mawingu ya masika yalipotanda, ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Wakaja majirani wawili: Nyati mwenye pembe, na Kiboko mwenye tumbo na nafasi ya tumbo jingine.

"Hodi!" akanguruma Nyati, tayari yuko ndani.

"Karibuni, wajomba."

"Bustani hii imekuzidi kimo, we mtoto. Masika yakiisha, atakayejaza kapu ndiye mwenyewe. Asiyejaza, ahame!"

"Nihame kwa mama?"

"Na kivumbasi ukiache," akasema Kiboko. "Nakipenda."

Sasa, desturi ya kijiji ilikuwa hivi: mbegu huchaguliwa kibuyuni kabla ya mvua, mkubwa huanza, na ukishachagua hubadilishi. Digidigi akateremsha kibuyu, akachomoa kifurushi kimoja haraka, akakikalia. Pwa!

"Umekalia nini?"

"Si kitu, mjomba."

"Inuka!"

"Ni nyanya tu! Niachieni, jamani! Chukueni kunde, chukueni matembele, lakini nyanya za mama, aa-aa!" Akalia kwi! kwi! kwi! jicho moja likichungulia.

Kiboko akameza mate, gudu! "Nyanya! Masika nyanya ni adimu, tena tamu kama wali wa daku. Kijiji kizima hakuna anayezipanda. Tutakuwa nazo sisi tu!"

Hakujiuliza kwa nini hakuna anayezipanda.

Wakampokonya, wakaenda zao. Digidigi akafuta machozi, akazirudisha kibuyuni punje chache za nyanya alizokuwa amezibana kwatoni.

Mvua ikaja. Shaaa! Digidigi akainua matuta kama mama alivyomfundisha, maji yapite chini, akapanda kunde na kuchomeka marando ya matembele. Kila alipochuma ncha moja, yakachipua matawi mengine.

Wakubwa walizibananisha nyanya bondeni kama abiria wa sikukuu. Punde Nyati akaja anahema.

"Digidigi wee! Majani yana madoa meusi!"

"Kiu hiyo, mjomba. Mwagilieni jioni, juu ya majani, yalowe chapachapa."

"Na mvua yote hii?"

"Mvua ni ya kila mtu. Nyanya zenu zinataka maji ya kwenu."

Ungemwona Kiboko! Jani la mgomba kichwani asilowe, ndoo mkononi, anamwagilia mvuani. Mwaa! Mwaa!

Siku ya makapu kijiji kilikusanyika. La Digidigi lilifurika kunde na matembele. La wakubwa lilivuja maji ya nyanya zilizooza, churuu, na nzi walifika kabla yake.

"Ulitudanganya!" akafoka Nyati.

"Mimi? Si niliwaomba mniachie? Nani alikataa?"

Watu wakaangua kicheko mpaka kuku wakaruka. Nyati akaondoka bila kuaga. Kiboko akabaki kidogo, akanusa kivumbasi mara ya mwisho, naye akaenda.

Mvua ilipokatika, Digidigi akaotesha zile punje zake. Miche akaisimamishia miti, akaitandazia nyasi kavu, akaimwagilia asubuhi, shinani tu. Nyanya ya kwanza ilipoiva akaikaanga, na harufu ikapanda, ikachanganyika na ya kivumbasi, ile ile ya jikoni kwa mama. Akageuka mlangoni ghafla, kama aliyeitwa, "Wee, mchicha uko wapi? Maji yanachemka!"

Hakukuwa na mtu. Akacheka peke yake, akaenda kuuchuma.

Basi shikeni hili, wanangu: mwenye pupa hupanda anachokitamani yeye, mwenye akili hupanda kinachotakiwa na msimu.